Nyumba Imeshachukuliwa

Alikuwa amekwisha kutoa simu mfukoni ili atume pesa za depoziti nilipomwambia kwamba nyumba imeshachukuliwa.

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa tano asubuhi, katika ploti ya shangazi yangu, jengo la nyumba za kupangisha mtaani Umoja, Nairobi. Kijana huyo alikuwa ameikagua nyumba kwa makini kuliko wapangaji wengi ninaowaonyesha: alifungua bomba la jikoni, akafungua na kufunga dirisha mara mbili, akauliza maji hufika siku zipi na kama kila nyumba ina mita yake ya stima. Alinieleza kwamba anafanya kazi katika duka la dawa katikati ya jiji na kwamba amechoka kuishi na kaka yake aliyekwisha kuoa. Alikuwa amejitambulisha kwa jina la ubatizo peke yake, kama tunavyofanya wengi wetu tukiongea na mtu tusiyemjua.

Shangazi anaishi Ruiru siku hizi, na miguu yake haimruhusu kupanda ngazi, kwa hiyo nyumba zinapokuwa tupu, funguo zake hukaa kwangu. Utaratibu wake ni mmoja. Mtu akiipenda nyumba, ninachukua kitambulisho chake ili kitolewe nakala, kisha ninampigia shangazi kumjulisha. Ndivyo nilivyofanya.

“Majina yake mengine ni yapi?” akauliza.

Nikamsomea majina yote matatu.

“Geuza nyuma. Pameandikwa wapi?”

Nikageuza kadi na kusoma wilaya, tarafa, kata na kata ndogo, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni. Kijana alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, akisikiliza kwao kukisomwa na mtu asiyemjua, kwa mtu asiyemwona. Shangazi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mwambie imeshachukuliwa,” na akakata simu.

Nikamwambia.

Alipokea kitambulisho chake, akakipangusa kwa kidole gumba, akasema, “Sawa dada, asante kwa muda wako.” Alipofika langoni alisimama mbele ya bango nililolitundika mwenyewe siku ya Alhamisi, lenye maneno NYUMBA YA KUPANGISHA na namba yangu ya simu chini yake. Alilitazama kwa muda mfupi. Hakugeuka kunitazama mimi.

Jioni ile nilishuka nikaliondoa bango. Nilijiambia kwamba mvua ingeliharibu, ingawa mbingu zilikuwa safi. Ukweli ni kwamba nilitaka maneno niliyoyasema asubuhi yawe kweli kabla ya jua kutua. Jumatatu shangazi alinipigia kuniuliza kwa nini hakuna anayepiga simu kuhusu nyumba, na nikalitundika tena.

Wiki sita zimepita, na lile bango halijaniondoka akilini.

Sitaji kabila

Msomaji wa Nairobi amekwisha kuanza kukisia. Shangazi ni wa kabila gani, na kijana ni wa wapi? Ninajua kwa sababu nami ningekisia. Nimeamua kutoyataja yote mawili, na nimeandika aya hii mara nne nikijaribu kueleza sababu.

Nikiyataja, nusu ya wanaosoma watasema, “Ndivyo walivyo hao,” na nusu nyingine watasema, “Lakini nao hutufanyia vivyo hivyo.” Hakuna atakayebaki na kijana aliyesimama kwenye ngazi. Katika jiji hili tumezoea kulipima kosa kwa kuuliza kwanza ni la nani dhidi ya nani, na jibu likipatikana huwa tumemaliza kufikiri. Ninaamini kisa hiki kingeweza kutokea katika ploti za makabila mengi, na kila msomaji ana jina fulani ambalo likitajwa kwenye simu humfanya anyamaze kidogo kama alivyonyamaza shangazi.

Nami nilikuwa na jina la kuninyamazisha hivyo. Nilipomsomea shangazi majina yale, nilijua jibu lake kabla hajalitoa, na kujua huko ndiko kulikonisumbua zaidi baadaye. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimefundishika.

Nyuma ya kadi

Katika wiki ya pili nilianza kukitazama kitambulisho changu mwenyewe. Nilizaliwa Nairobi, nikasoma Nairobi, nikamzika mama yangu katika makaburi ya Lang'ata, lakini nyuma ya kadi yangu pameandikwa kata ndogo ambako nimelala usiku usiozidi thelathini maishani mwangu. Kijana yule aliniambia, tulipokuwa tukipanda ngazi, kwamba yeye ni mtoto wa Pumwani, yaani hospitali ya uzazi ambako sehemu kubwa ya jiji hili ilianza kulia. Kadi yake, kama yangu, ilimrudisha kwa babu yake.

Wazee bado hukiita kitambulisho “kipande”, na neno hilo lina kumbukumbu yake. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, kabila lake, wilaya yake ya asili na maelezo ya mwajiri, na wengi waliining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwajiri, askari au karani aliweza kujua kwa kutupa jicho mara moja mtu huyu ni wa wapi na kama ana ruhusa ya kuwa hapo alipo. Mwaka 1947 utaratibu ule ulibadilishwa ili usajili uwahusu wanaume wa rangi zote, na kikasha cha chuma kikaondoka.

Swali halikuondoka. Lilihamia nyuma ya kadi, na Jumamosi ile lilisomwa kwa sauti yangu.

Sisemi kwamba mwenye nyumba hana haki ya kumjua mpangaji wake. Anahitaji jina, anahitaji namba ya kitambulisho, anahitaji kujua kama mtu ana kazi na kama ataweza kulipa. Nimewahi kuonana na wapangaji walioondoka usiku na deni la miezi mitatu, wakabeba hata balbu. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye ningemtambua kwa kusoma kata ndogo yake.

Ruiru

Nilikwenda kumwona shangazi Jumapili ya wiki ya tatu. Nilikuwa nimejiandaa kumshtaki. Nilikuwa nimesoma Ibara ya 27 ya Katiba, ambayo katika kifungu chake cha nne inaikataza Serikali kumbagua mtu kwa misingi mingi, ikiwamo jinsia, hali ya ndoa, asili ya kikabila au ya kijamii, dini, mavazi na lugha, na ambayo katika kifungu cha tano inamkataza mtu binafsi kumbagua mwenzake kwa misingi hiyo hiyo. Nilikuwa nimeisoma pia Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo haikuishia kwenye ajira na matamshi ya chuki bali iligusa mambo ya mali na makazi. Nilikuwa na hoja zangu tayari kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mdahalo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, kisha akanirudisha Mathare.

Kabla ya ploti ya Umoja alikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati huko, alivyovijenga kimoja kimoja kwa faida ya kuuza mitumba Gikomba. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, kesho yake asubuhi wapangaji wawili aliowafahamu kwa miaka walimwambia kwamba asirudi kudai kodi, kwa sababu vyumba vile si vyake tena. Hawakumpiga. Mmoja wao alimsindikiza hadi barabarani ili wengine wasimpige. Alilala kwa jirani siku nne, na alipojaribu kurudi mwezi uliofuata alikuta familia nyingine ndani, zenye kufuli zao. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 1,100 katika ghasia za kikabila za wiki zile, na mamia ya maelfu walihama makwao. Yeye huhesabu vyumba kumi na viwili, na simlaumu.

“Mimi simchukii mtu, mwanangu,” akasema. “Ninaogopa. Huogopi kitu ambacho hakijakufanyia kitu.”

Nilikaa kimya kwa muda mrefu kwa sababu sikuwa na hoja. Ni rahisi kuupinga ubaguzi unapokuja kwako umevaa dharau. Ulipokuja umevaa kanga ya mwanamke aliyenilea, ukiwa na hasara yake na tarehe zake, nilijikuta ninatikisa kichwa kumkubalia. Nilikuwa nimekwisha kushindwa, na ningerudi nyumbani nikiwa nimeshindwa, kama nisingefanya hesabu moja njiani kuelekea stendi. Tarehe ya kuzaliwa ya kijana yule ilikuwa upande wa mbele wa kadi. Matokeo yale yalipotangazwa, alikuwa na umri wa miaka minane.

Niligeuka nikarudi.

Nilimwambia jambo hilo moja tu, bila Katiba. Shangazi aliangalia kikombe chake. Kisha, badala ya kunijibu, akaanza kunisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, ingawa nimeishi naye tangu nikiwa darasa la tano. Alikuja Nairobi mwaka 1976, akiwa na kazi ya kushona katika karakana moja ya Eneo la Viwanda. Alizunguka wiki tatu akitafuta chumba. Kila mwenye nyumba alimtaka alete kipande, naye hakuwa nacho, kwa kuwa sheria ya usajili haikuwahusu wanawake hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1978. “Basi lete cha mume wako,” walimwambia. Hakuwa na mume. Mwanamke asiye na mume, waliamini, angeigeuza nyumba kuwa danguro. Hatimaye alimchukua binamu yake, wakaongopa kwamba ni mume na mke, na kwa mwaka mzima binamu yule alilazimika kuja kila mwisho wa mwezi kujionyesha langoni.

“Waliniambia nyumba imeshachukuliwa,” akasema. “Mara tisa.”

Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikumsukuma. Aliinuka kwenda kuangalia kuku.

Miezi saba

Nilidhani safari ile ya Ruiru ingenipa utulivu. Ilinipa kisa kizuri cha kusimulia, na nikakisimulia kazini wakati wa chakula cha mchana, kwa mwenzangu ambaye ni Mnubi wa Kibera.

Wanubi ni wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na eneo la Kibera walilowekwa lilitangazwa rasmi mwaka 1918 likiwa na ekari 4,197. Mwaka 2017 walikabidhiwa hati ya ekari 288. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna vizazi vya watu waliozaliwa Nairobi na kuambiwa kwamba wao ni wageni. Mwenzangu alipofikisha miaka kumi na minane, wanafunzi wenzake walipeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi na kurudi baada ya wiki chache kuchukua kadi zao. Yeye alipelekwa mbele ya kamati ya kupigwa msasa, yaani kuchunguzwa kama kweli ni Mkenya. Aliulizwa babu yake alizaliwa wapi. Alitakiwa kuleta wazee wa kumtambua, kisha hati za nyanya, kisha kuapa mbele ya wakili. Ilimchukua miezi saba, na katika miezi hiyo nafasi ya chuo ilimpita.

Ninajua kwamba hayakuwa yake peke yake. Wasomali wa Kenya wanakumbuka mwaka 1989, walipotakiwa wao peke yao kukaguliwa upya na kupewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wanakumbuka pia Aprili 2014, wakati maelfu ya watu, wengi wao kutoka Eastleigh, walipokusanywa na kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua, katika shauri la watoto wa Kinubi dhidi ya Kenya, kwamba watoto hao walikuwa wamebaguliwa na kunyimwa haki ya uraia. Ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa kamati hiyo. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kufutwa kwa ukaguzi ule wa ziada kwa wakazi wa maeneo ya mpakani. Nilimuuliza mwenzangu alijisikiaje siku ile. Alisema alimfikiria mdogo wake, ambaye alikata tamaa baada ya safari ya tatu ofisini na hakurudi tena.

Nilipomaliza kumsimulia kuhusu shangazi, Mathare na mwaka 1976, nilitarajia aguswe na kisa hicho kama nilivyoguswa mimi. Alinyamaza, kisha akauliza, “Na wewe?”

“Mimi vipi?”

“Umenieleza kwa nini shangazi yako alisema. Hujanieleza kwa nini wewe ulisema.”

Nikamjibu kwamba ploti si yangu, kwamba nilikuwa mjumbe tu.

“Karani aliyeniambia nilete hati za nyanya naye alikuwa mjumbe,” akasema. “Alinipa hata kiti. Shangazi yako hakumwona yule kijana, dada. Aliyemwona ni wewe.”

Mjumbe

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na nimelelewa katika imani hiyo. Methali hiyo ina busara yake, kwa maana inamlinda mtu aliyebeba habari asilipie hasira ya anayezipokea. Lakini nimeitafakari kwa siku nyingi, na nimeona kwamba inamhusu mjumbe anayebeba ujumbe wa kweli. Mimi sikumwambia kijana yule kwamba shangazi hataki mtu mwenye jina kama lake. Laiti ningemwambia hivyo, angekuwa na kitu mkononi. Angeweza kukasirika, angeweza kunijibu, angeweza kwenda kulalamika kwa Tume ya Uwiano na Utangamano akiwa na maneno ya kunukuu.

Nilimpa maneno yasiyo na alama ya kidole.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa jambo hili katika jiji letu, na ndipo sheria nilizozibeba kwenda Ruiru zinapoishiwa nguvu. Hatufukuzi mtu kwa matusi. Tunamwambia nyumba imechukuliwa, nafasi ya kazi imejazwa, faili halijaonekana, rudi Jumatano. Tunasema kwa adabu, na adabu ile humfanya aliyeonewa atushukuru. Kijana alinishukuru kwa muda wangu. Anakwenda zake akijiuliza kama ni jina, au ni viatu, au kweli kuna mtu aliyemtangulia kwa dakika kumi, na shaka hiyo hawezi kuipeleka mahakamani wala kwa rafiki. Huibeba peke yake hadi kwenye lango linalofuata.

Na anayeifanya kazi hiyo ya kusema kwa adabu ni mtu kama mimi. Mtu asiye na chuki, aliyesoma, mwenye marafiki wa kila kabila, anayehuzunika usiku. Shangazi bila mimi angekuwa mwanamke mwenye hofu huko Ruiru. Hofu yake ilihitaji miguu ya kupanda ngazi, macho ya kusoma kadi na sauti ya kumwambia mtu hapana, na vyote hivyo nilimpa.

Namba

Namba ya kijana ilikuwa bado kwenye simu yangu. Niliandika ujumbe na kuufuta mara nyingi, kwa sababu kila ulipokamilika niliona unaomba kitu: unaomba aniondolee mzigo. Je, nina haki ya kumrudisha mtu kwenye ngazi ile ili mimi nipate usingizi? Sikupata jibu, na bado sina uhakika kwamba nilifanya vyema, lakini Jumanne iliyopita nilimpigia.

Nilimwambia kwamba nyumba haikuwa imechukuliwa, na nikamwambia sababu. Sikumtaja shangazi. Nilisema “niliamua kukuambia hivyo,” kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Alikaa kimya, nikasikia makanga wa matatu akiita abiria nyuma yake.

“Nilijua, dada,” akasema. “Nilijua ulipogeuza kadi.” Aliniambia kwamba alipata chumba Kariobangi South wiki mbili baadaye, kupitia mtu wa kanisani kwao, na kwamba siku hizi hajisumbui kupiga namba za kwenye mabango. Huuliza kwanza ploti ni ya nani. Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayekueleza kwamba siku za mvua hupitia barabara nyingine. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo, kisha nikakumbuka nani anamwambia.

Akaniuliza kama ile nyumba ilipata mpangaji. Nikasema ndiyo. Akanitakia siku njema.

Mwisho wa mwezi huu nyumba namba saba inabaki wazi. Nimemwambia shangazi kwamba nitalitundika bango, nitawaonyesha watu nyumba, nitauliza kuhusu kazi na kodi na kuchukua namba ya kitambulisho kwa ajili ya mkataba, lakini sitamsomea mtu yeyote upande wa nyuma, na sitasema nyumba imechukuliwa kama haijachukuliwa. Nimemwambia kwamba akiona hilo haliwezekani, anaweza kumtafuta mtu mwingine wa kuzishika funguo. Alisema atafikiri.

Hajanijibu. Funguo bado ziko kwenye msumari, nyuma ya mlango wangu.